Fundi wa Wimbo wa Kale

Mwaka 1930 mtunzi wa Marekani Johnny Green alitunga muziki wa wimbo wa mapenzi ulioitwa "Body and Soul". Mwaka huohuo mwimbaji Libby Holman aliuimba kwenye jukwaa la Broadway, New York, na Louis Armstrong akaurekodi. Tangu hapo wimbo huo haujapata kupumzika. Umepigwa kwa piano, kwa saksofoni, kwa gitaa na kwa bendi kubwa. Umeimbwa na wazee na umeimbwa na vijana ambao babu zao walikuwa watoto siku ulipotungwa. Waliouandika wote wamekwisha kufariki, na vijana wa leo bado wanaukalia vikao vya mazoezi wakitafuta kilichobaki ndani yake.

Jazi ina hazina ya nyimbo za namna hii. Nyingi zilitoka kwenye michezo ya kuigiza na filamu za miaka ya 1920 hadi 1950, nyingine zilitoka kwa waimbaji wa bluzi na bendi za swingi zilizochezewa dansi. Mwanamuziki wa jazi anatarajiwa kuzijua kwa moyo, ili akikutana jukwaani na wenzake asiowahi kuwaona, ataje jina la wimbo na ufunguo wake, yaani sauti yake ya msingi, wahesabu mapigo manne, waanze. Ninachotaka kukisifu hapa ni ufundi wa wale wanaozichukua nyimbo hizo leo na kuzifanya zisikike kana kwamba zimeandikwa jana, bila kuzivunja na bila kuzifukizia ubani kama maiti.

Ili kuuona ufundi huo, lazima kwanza tuone umbo la wimbo wenyewe. "Body and Soul" una vipimo 32, na kila kipimo kina mapigo manne. Vipimo hivyo vimegawanyika katika mafungu manne ya vipimo vinane. Fungu la kwanza, la pili na la nne yanatumia melodi moja. Fungu la tatu, ambalo wanamuziki huliita daraja, linashika njia yake. Katika wimbo huu daraja linapanda nusu sauti tu kutoka ufunguo wa mwanzo: kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kile kinachogusana nacho. Hakuna umbali mfupi kuliko huo kwenye piano, lakini sikio linahisi limehamia nchi nyingine kabisa. Kisha mpigaji lazima arudi alikotoka, na kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za kumrudisha zimepangwa kwa ustadi unaomlazimu kila anayepita hapo akae macho. Daraja hilo ndilo limewafanya wanajazi wasiuache wimbo huu kwa zaidi ya miaka 90.

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili hatapata taabu kulielewa jambo hili. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, na vina vya kati na vya mwisho vinajulikana kabla mshairi hajashika kalamu. Malenga wanapojibizana, anayejibu hushika bahari ya mwenzake, na mara nyingi hushika hata vina vyake, kisha humzidi kwa hoja akiwa ndani ya kanuni zilezile. Hakuna anayemwambia kwamba ameiga. Watu husikiliza waone amefanya nini na umbo ambalo kila mtu analijua.

Jibu kubwa kuliko yote kwa "Body and Soul" lilitolewa New York tarehe 11 Oktoba 1939. Coleman Hawkins, mpiga saksofoni ya tenor, alikuwa amerudi nyumbani mwaka huo baada ya kuishi Ulaya kwa miaka mitano. Alipokuwa huko vijana wengine walikuwa wamekwisha kupanda, na wapenzi wa muziki walikuwa wakiuliza kama bado anaweza. Aliingia studio, mpiga piano Gene Rodgers akamfungulia kwa vipimo vichache, naye akapiga wimbo mara mbili mfululizo: vipimo 64, kama dakika tatu, kwa sababu santuri ya wakati ule haikubeba zaidi ya hapo. Melodi ya Johnny Green aliigusa mwanzoni tu. Baada ya hapo aliiacha na hakuirudia. Alichokifuata ni kodi zilizo chini ya melodi, akipita katika kila moja kwa sauti alizozibuni papo hapo, akianza kwa upole na kuzidisha nguvu hatua kwa hatua hadi karibu na mwisho. Ajabu ni kwamba watu wa kawaida, si wanamuziki peke yao, waliinunua santuri hiyo kwa wingi. Wimbo wao ulikuwa umebaki bila melodi yake, na bado waliutambua. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo kwenye orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi.

Nimeieleza rekodi hiyo kwa urefu kwa sababu ndiyo inayomwelemea kila anayeugusa wimbo huu leo. Ukiupiga kama Hawkins, umechelewa. Ukiupiga kana kwamba Hawkins hakuwahi kuwapo, wanaojua watakuona hujasoma. Njia iliyobaki ni nyembamba, nayo ndiyo ninayoipenda: kuujua wimbo mpaka chini kabisa, kisha kuchagua jambo moja la kuligeuza.

Mpiga saksofoni John Coltrane alipoupiga mwaka 1960 aligeuza kodi za daraja, akalijaza mabadiliko ya haraka ya namna yake. Mwaka 2008 Esperanza Spalding, aliyezaliwa Portland mwaka 1984, aliurekodi akiimba huku akipiga besi mwenyewe. Aliuimba kwa Kihispania, na akabadilisha hesabu: badala ya mapigo manne katika kila kipimo aliweka matano. Hebu jaribu kuhesabu ukiusikiliza. Pigo la tano linakuja pale ambapo mwili umezoea kuanza upya, kwa hiyo kila kipimo kinakuwa na nafasi ndogo ya ziada, na mapenzi yaliyomo kwenye wimbo yanapata wasiwasi ambao hayakuwa nao. Melodi ipo, umbo la mafungu manne lipo, daraja lipo. Kilichoongezwa ni pigo moja. Lakini anayetaka kuongeza pigo hilo inampasa kuupanga upya mwendo wa besi, pumzi ya mwimbaji na mahali kila neno linapoangukia, na kufanya hivyo vidole vyake vikiwa vinafanya kazi moja na kinywa chake nyingine. Msikilizaji hasikii jasho hilo hata kidogo. Anasikia wepesi.

Kuna subira ya namna nyingine kwa Jason Moran, mpiga piano wa Houston aliyezaliwa mwaka 1975. Yeye huenda nyuma ya rekodi yenyewe. Mnamo Februari 1959 mpiga piano Thelonious Monk alitumbuiza katika ukumbi wa Town Hall, New York, akiwa na bendi ya watu kumi, akipiga tungo zake ambazo leo ni sehemu ya hazina ya jazi. Mazoezi ya tamasha hilo yalifanyika katika jengo moja la Sixth Avenue ambako mpiga picha W. Eugene Smith alikuwa ametandaza maikrofoni na kurekodi karibu kila kitu kilichotokea humo kwa miaka. Moran alizisikiliza kanda hizo. Humo mna Monk akijadiliana na mpangaji muziki Hall Overton, mna vipande vikipigwa na kupigwa tena, mna hatua za viatu vya Monk sakafuni. Kutokana na usikilizaji huo Moran aliunda onyesho lake, na mwaka 2009, miaka 50 baada ya tamasha la kwanza, akalipeleka Town Hall palepale. Hakutaka kurudia tamasha la Monk. Alitaka kujua Monk alikuwa akitafuta nini kabla ya kufika jukwaani, kisha aendelee kukitafuta yeye mwenyewe.

Moran huyohuyo alipogeukia nyimbo za mpiga piano Fats Waller, aliyefariki mwaka 1943, aligundua jambo ambalo heshima ya kumbi za tamasha ilikuwa imelifunika: Waller alikuwa mtu wa dansi na vicheko. Kumpiga mbele ya watu waliokaa kimya vitini ni kumnyima nusu ya muziki wake. Basi Moran aliandaa sherehe ya kucheza huko Harlem, akashirikiana na mwimbaji na mpiga besi Meshell Ndegeocello, akavaa kinyago kikubwa chenye sura ya Waller, na chini ya nyimbo za miaka ya 1920 na 1930 akaweka midundo ambayo kijana wa leo anaijua kwa miguu yake. Albamu iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 2014. Wapo waliosema kwamba nyimbo zimebadilika mno. Mimi naona amemrudishia Waller kazi yake ya asili, ambayo ni kuwainua watu vitini.

Hapo ndipo ninapotenganisha ufundi na mapambo. Yapo makundi mengi yanayoimba nyimbo za zamani kwa kuvaa suti za zamani, kushika maikrofoni ya zamani na hata kuongezea rekodi zao mikwaruzo ya santuri. Mikwaruzo hiyo haikuwa sehemu ya wimbo. Kabla ya mwaka 1925, teknolojia ya umeme ilipoingia studio, wanamuziki walipigia mbele ya pembe kubwa ya bati iliyokusanya sauti na kutikisa sindano. Ngoma kubwa ingeweza kuirusha sindano hiyo. Kwa sababu hiyo Baby Dodds, mpiga dramu mashuhuri wa New Orleans, aliporekodi na bendi ya mpiga koneti King Oliver mwaka 1923 ilimbidi agonge vipande vya mbao badala ya kupiga dramu zake kama alivyozipiga ukumbini kila usiku. Anayeiga santuri hiyo sauti kwa sauti anaiga katazo la studio, halafu anadhani ameupata muziki. Fundi wa kweli anaisikiliza santuri hiyohiyo, na tena, akijiuliza: wenye muziki huu walikuwa wakifanya nini pale ambapo hapakuwa na pembe ya bati?

Kwa upande wa waimbaji, sioni mwanamuziki wa leo anayeujua ufundi huu kuliko Cécile McLorin Salvant. Alizaliwa Miami mwaka 1989, baba Mhaiti, mama Mfaransa. Alianza piano akiwa na miaka mitano. Mwaka 2007 alikwenda Aix-en-Provence, Ufaransa, kusomea sheria na uimbaji wa klasiki, na huko mwalimu wa jazi Jean-François Bonnel akamsikia, akamchukua, akampa rekodi za kusikiliza. Alisikiliza kwa kurudi nyuma, miongo kwa miongo, mpaka kwa mwimbaji wa bluzi Bessie Smith na waimbaji waliomtangulia. Mwaka 2010, akiwa na miaka 21, alishinda shindano la kimataifa la jazi lililoitwa wakati huo kwa jina la Thelonious Monk. Baadaye albamu zake tatu zilizofuatana zilipata tuzo ya Grammy kwa uimbaji wa jazi.

Kinachonishika kwake ni namna anavyosoma maneno. Waimbaji wengi wa jazi huyachukua maneno ya wimbo kama kisingizio cha melodi. Salvant huyachukua kama ushahidi. Angalia alichofanya na "Wives and Lovers", wimbo wa Burt Bacharach na Hal David wa mwaka 1963. Maneno yake yanamshauri mke ajipambe kabla mume hajarudi kutoka kazini, maana huko ofisini wapo wasichana wengine. Zama zile ulipigwa redioni kama nasaha njema. Mwimbaji wa leo asiyependa nasaha hiyo ana njia mbili rahisi: kuuacha wimbo, au kuubadilisha maneno. Salvant hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuimba kwa maneno yake, kwa utamu, kila silabi ikiwa wazi, bendi ikiwa inaserereka kwa furaha chini yake. Utamu huo ukaachiwa uendelee mpaka msikilizaji mwenyewe aanze kukosa raha. Hakuna neno lililoguswa, lakini wimbo umefikishwa mahakamani.

Hivyo ndivyo alivyofanya na "Nobody", wimbo wa mwaka 1905 ulioimbwa na Bert Williams, mchekeshaji Mweusi mzaliwa wa Bahamas. Williams alikuwa msanii mkubwa wa enzi yake, na bado desturi ya jukwaa la Marekani ilimtaka ajipake rangi nyeusi usoni ili hadhira ya Wazungu icheke. Wimbo wenyewe ni wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtendea jambo jema. Je, unauimbaje leo? Ukiuchekesha tu, umeungana na waliocheka. Ukiulilia tu, umemnyang'anya Williams ustadi wake, kwa sababu alikuwa bingwa wa kuchekesha na alijua anachokifanya. Salvant anaushika kotekote. Ucheshi unabaki, na uchungu uliokuwa nyuma ya rangi unasikika bila rangi. Kufanya hivyo kunahitaji sauti inayotii: ishuke mpaka chini karibu na usemi, ipande ghafla kama mtoto, ichelewe nyuma ya mapigo bila kupotea.

Mwaka 2018 alitoa albamu iitwayo The Window, karibu yote akiwa na mtu mmoja tu, mpiga piano Sullivan Fortner wa New Orleans. Sehemu yake ilirekodiwa mbele ya watu katika Village Vanguard, chumba cha chini ya ardhi kilichopo New York tangu mwaka 1935, chenye nafasi ya watu zaidi kidogo ya mia moja. Kuimba na piano peke yake ni mtihani usio na pa kujificha. Hakuna besi ya kushika mwendo, hakuna dramu za kuonyesha pigo liko wapi. Mwimbaji akichelewa, mpiga piano lazima ajue kama amechelewa kwa makusudi. Mpiga piano akigeuza kodi, mwimbaji lazima aamue papo hapo kama ataifuata au atashikilia sauti yake mpaka igeuke maana. Fortner alianza kupiga kanisani tangu utotoni, na katika kanisa la New Orleans mpiga kinanda hujifunza mapema kumfuata mwimbaji asiyetabirika. Malezi hayo unayasikia. Kuna mahali anajaza sauti kama bendi nzima, na kuna mahali anaondoa mikono na kumwacha mwenzake peke yake. Kuondoa mikono kwa wakati wake ndiko kugumu zaidi.

Somo hilo la kuacha nafasi ni la zamani, nalo limetoka kwenye bluzi. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12 na mistari mitatu, wa pili ukirudia wa kwanza. Kila mstari una vipimo vinne, lakini mwimbaji huvitumia viwili tu au zaidi kidogo. Vilivyobaki ni vya anayejibu. Mwaka 1925 Bessie Smith alirekodi "St. Louis Blues" ya mtunzi W. C. Handy, na anayejibu alikuwa kijana Louis Armstrong kwa koneti yake. Kila anaponyamaza Smith, koneti inasema kitu, na kila inapomaliza, Smith ameshapata sababu ya kuendelea. Ni mazungumzo ya watu wawili wasiokatana kauli.

Catherine Russell anaijua adabu hiyo kwa kuzaliwa nayo. Baba yake, Luis Russell kutoka Panama, aliongoza bendi iliyompigia Armstrong kwa miaka. Mama yake, Carline Ray, alipiga gitaa katika International Sweethearts of Rhythm, bendi ya wanawake ya miaka ya 1940. Binti huyo aliimba nyuma ya wasanii wengine kwa muda mrefu, akiwamo mwimbaji wa roki David Bowie, na albamu ya kwanza kwa jina lake ilitoka mwaka 2006, alipokuwa na umri wa karibu miaka 50. Msikilize anapoimba bluzi za miaka ya 1920 na 1930. Haongezi madoido. Kila neno linatoka likiwa kamili, na mwisho wa mstari anaiacha nafasi ya gitaa au tarumbeta kama mtu aliyezoea kukaa na wazee wakati wakizungumza. Wapo wenye sauti kubwa kuliko yake. Wenye kujua mstari unaishia wapi ni wachache.

Ukiwaweka pamoja watu hawa, Spalding na pigo lake la tano, Moran na kanda zake, Salvant na maneno yake, Russell na nafasi zake, utaona hawafanani kwa lolote isipokuwa jambo moja. Kila mmoja aliufahamu wimbo kabla ya kuubadilisha. Aliyebadilisha sana na aliyebadilisha kidogo wote walianzia kwenye kusikiliza. Mtu hawezi kujua ni jiwe gani la ukuta linaweza kung'oka bila nyumba kuanguka mpaka awe ameukagua ukuta mzima. Ndiyo maana wimbo wa mwaka 1930 mikononi mwao hauna uzee. Wanaoanza na mavazi huishia kwenye mavazi.

Basi ukitaka kuuonja ufundi huu, usianze na mpya. Tafuta kwanza Hawkins wa mwaka 1939. Ni dakika tatu tu. Sikiliza mara ya kwanza kwa raha, mara ya pili ukitafuta daraja lilipo. Kisha msikilize Spalding, ukihesabu kwa vidole. Kisha nenda kwa Salvant na Fortner, ukae nao albamu nzima, bila kufanya kazi nyingine. Utagundua kwamba sikio lako nalo limejifunza kitu, na kwamba siku nyingine ukisikia mtu akisema muziki wa kale umekwisha, utakuwa na jibu la kumsikilizisha.